Joto la Mto Aare Mjini Thun: Tathmini ya Huduma Nne za Bure

Kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba, wakazi wa Thun, mji wa watu wapatao 44,000 katika jimbo la Bern nchini Uswisi, huulizana nyuzi za mto Aare kabla hawajaulizana habari za mvua. Jioni kazi zinapofungwa, watu hushuka kuelekea eneo la kuogelea la Schwäbis wakiwa na taulo begani, na wengi wao wameshatazama simu kabla ya kuinuka mezani. Huduma wanazozitegemea kwa kawaida ni tatu: tovuti ya takwimu za maji ya Ofisi ya Shirikisho ya Mazingira, programu ya simu iitwayo Aare.guru, na utabiri wa MeteoSwiss, ambayo ndiyo mamlaka ya taifa ya hali ya hewa. Ipo na ya nne, Alplakes, ambayo siisikii ikitajwa sana ukingoni mwa mto ingawa inastahili. Zote ni za bure. Nimezipima kwa kigezo kimoja, yaani iwapo mtu anayeishi Thun, hasa mgeni aliyezoea maji ya joto, anaweza kuzitumia kuamua kuingia mtoni au kubaki nchi kavu, na iwapo uamuzi huo bado utakuwa sahihi atakapofika majini.

Thun inahitaji tathmini yake yenyewe kwa sababu ya mahali ilipo. Aare huanzia kwenye barafu za milima iliyo karibu na njia ya Grimsel, hushuka bonde la Hasli, huingia Ziwa Brienz, hupita Interlaken, kisha huingia Ziwa Thun na kutokea kwenye ncha yake ya kaskazini-magharibi, ambako mji umejengwa. Huko juu, kwenye kituo cha kupimia maji cha Brienzwiler kabla ya ziwa la kwanza, maji ya Agosti bado ni barafu iliyoyeyuka karibuni, na kuyakuta yakiwa na nyuzi 10 au pungufu hakumshangazi mtu. Yanapotoka Thun, maji ya mto huohuo huwa na nyuzi 18 hadi 20 katika siku nzuri za kiangazi, na kwenye joto kali huzidi hapo. Tofauti yote hiyo hutokana na maziwa mawili. Ziwa Thun lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 48 na kina kinachofikia mita 217, lakini jua hupasha tabaka la juu tu, na mto unapoondoka ziwani huchota zaidi kutoka tabaka hilo. Kwa hiyo kipimajoto kilichowekwa mtoni hapa Thun, ukweli wake, hupima uso wa ziwa.

Ugumu unaanzia hapo. Upepo mkali wa magharibi ukivuma kwa saa kadhaa, maji ya vuguvugu husukumwa mbali na mji kuelekea Spiez na Interlaken, na maji baridi ya chini hupanda upande wa Thun kuziba nafasi iliyoachwa. Mstari wa halijoto kwenye mchoro wa kituo, ambao kwa siku nzima ulikuwa ukipanda na kushuka kwa utaratibu wa mchana na usiku, huporomoka ghafla kwa nyuzi kadhaa, na mara nyingine huporomoka huku mawingu yakiwa yameshaondoka na jua limerudi, kiasi kwamba anayetazama dirishani pekee hana namna ya kujua kilichotokea. Upepo ukitulia, ziwa halitulii pamoja nao. Mpaka kati ya maji ya joto na maji ya baridi huendelea kuinama upande huu na upande ule chini kabisa ya uso, na mto unaweza kupata joto leo alasiri ukapoa tena kesho asubuhi bila upepo wala mvua yoyote. Ukivuma Föhn, yaani ule upepo mkavu wa joto unaoteremka kutoka milima ya kusini, mambo huelekea kugeuka, kwa kuwa maji ya juu hurundikwa upande wa mji. Wavuvi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, waliokulia kati ya kaskazi na kusi, wasingehitaji kuelezwa mara mbili kwamba upepo ndio unaoamua maji yaliyopo leo yametoka wapi.

Nikianza na tovuti ya Ofisi ya Shirikisho ya Mazingira, ijulikanayo kwa anwani ya hydrodaten.admin.ch, hiyo ndiyo chimbuko la namba nyingi zinazozunguka mjini. Kituo cha Thun kina namba 2030, na ukurasa wake huonyesha vitu vitatu: kina cha maji, kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde, na halijoto. Vipimo huwekwa upya kila baada ya dakika 10, na chini yake kuna mchoro wa siku zilizopita. Hakuna mapambo. Rangi pekee zinazovutia jicho ni zile za viwango vitano vya hatari ya mafuriko, kuanzia kijani hadi nyekundu iliyokolea, na mtu anaweza kukaa kiangazi kizima bila kuona nyingine isipokuwa kijani. Ukurasa unapatikana kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza, jambo ambalo kwa Waafrika Mashariki wanaoishi huku lina maana kubwa, kwa sababu kati yetu aliyepitia Kongo au Burundi ataingia kwa Kifaransa na aliyesoma Kenya au Tanzania ataingia kwa Kiingereza, na wote wawili wataona takwimu zilezile kwa wakati uleule.

Ubora wa tovuti hiyo uko kwenye mchoro kuliko kwenye namba kubwa iliyo juu yake. Namba peke yake husema maji yana nyuzi 18.6, mchoro husema kama nyuzi hizo zinapanda kutoka 17 za alfajiri, au zimeshuka kutoka 21 za jana jioni na bado zinaendelea kushuka. Hizo ni siku mbili tofauti kabisa kwa mwogeleaji. Katika siku ya kawaida isiyo na upepo, sehemu ya chini ya mstari huonekana asubuhi na kilele chake huonekana alasiri kuelekea jioni, na tofauti kati yake ni ndogo. Ukiona mstari umeshuka mchana kweupe, wakati ulipaswa kupanda, usitafute hitilafu kwenye kifaa, tafuta upepo. Ofisi yenyewe hutahadharisha kwamba vipimo vya papo kwa papo ni vya awali na havijahakikiwa, na tahadhari hiyo ni ya haki, ingawa kwa matumizi ya kuogelea sioni kama inabadilisha lolote.

Upungufu wa tovuti hiyo ni ukimya wake. Imetengenezwa kwa wahandisi, wazima moto na watu wa mabwawa, na inamwachia msomaji wa kawaida kazi yote ya kufasiri. Mfano mzuri ni kile kipimo cha pili, cha mita za ujazo kwa sekunde, ambacho wageni wengi hukiruka ilhali kwa usalama kina uzito kuliko halijoto. Wastani wa mwaka hapa Thun ni mita za ujazo zipatazo 110 kwa sekunde, lakini wakati wa kiangazi, theluji na barafu vinapoyeyuka milimani, kiasi hicho huwa kikubwa zaidi. Inapokaribia 200, mkondo hukimbia kwa nguvu ambayo ukingoni haionekani vizuri, ngazi za kutokea majini hupita haraka kuliko mkono unavyoweza kuzishika, na mtu aliyejifunzia kuogelea baharini, ambako anaweza kugeuka na kurudi alikotoka, hugundua kwamba hapa hakuna kurudi. Mimi huanza kusita kabla ya kufika namba hiyo, hata maji yawe na joto kiasi gani.

Kiasi hicho cha maji nacho hakijiendeshi chenyewe, na ni vyema anayesoma ukurasa huo alijue hilo. Mwaka 1714 mto Kander, ambao zamani ulikuwa ukijiunga na Aare chini ya mji, ulielekezwa ndani ya Ziwa Thun, na tangu hapo ziwa likawa linapokea maji mengi kuliko ambayo njia yake ya kutokea iliweza kuyabeba. Ndipo yakajengwa, katika karne ya 18, malango ya kuzuia na kuachia maji yanayojulikana leo kama Mühleschleuse na Scherzligschleuse, yaliyofunikwa kwa mapaa ya mbao na yanayopigwa picha na kila mtalii. Ukisimama juu ya Mühleschleuse unaweza kuona sababu ya mchoro wa mtiririko kuwa na ngazi badala ya mawimbi laini: mbao za lango zinapoinuliwa au kushushwa, maji hubadilika kwa mkupuo, na chini yake huumuka povu jeupe ambalo vijana wenye mbao za kutelezea mawimbini hulichezea wakiwa wameshika kamba. Mafuriko ya Agosti 2005, yaliyoiumiza Thun pamoja na mtaa wa Matte huko Bern, yalionyesha kwamba malango hayo peke yake hayatoshi, na mwaka 2009 ulianza kutumika mtaro wa chini ya ardhi wa kupunguzia maji ya ziwa. Kwa mwogeleaji somo ni moja: kiasi cha maji kinaweza kuongezeka bila mvua kunyesha alipo yeye, kwa kuwa tu lango limefunguliwa, na kipimo cha dakika 10 zilizopita ndicho kitakachomwambia.

Aare.guru ni kitu cha namna nyingine kabisa. Ni programu iliyotengenezwa na watu wanaoupenda mto, na hilo linaonekana tangu ukurasa wa kwanza. Unachagua mji, Thun ikiwa mmojawapo pamoja na Bern, Olten, Brugg na mingine, na papo hapo unaona nyuzi za maji kwa maandishi makubwa, kiasi cha maji yanayopita, hali ya hewa ya mahali hapo, na makadirio ya saa mbili zijazo. Kando ya namba huwekwa maneno mafupi ya utani yanayosema kama maji ni ya kufurahia au ya kuvumilia. Kwa kasi na urahisi haina mshindani. Mtu aliye kituo cha basi na begi mkononi hupata jibu kabla basi halijafunga milango.

Utani huo, hata hivyo, umeandikwa kwa Kijerumani cha Bern, yaani lahaja inayozungumzwa mitaani, ambayo tahajia yake humchanganya hata aliyehitimu vizuri kozi ya Kijerumani sanifu. Sisemi ibadilishwe. Lahaja ndiyo ladha ya programu yenyewe, na wenyeji wana haki ya kutaniana kwa lugha yao. Ninachosema ni kwamba mgeni asiyeelewa maneno atabaki na namba, na namba hiyo haikukusudiwa kusimama peke yake.

Liko pia suala la nani anayeitwa na maneno hayo. Bahari ya Dar es Salaam na Zanzibar hucheza kati ya nyuzi 25 na 30 mwaka mzima, na mtu aliyekulia humo, hata akiwa mwogeleaji hodari wa kuvuka kutoka boti hadi boti, mwili wake haujawahi kukutana na nyuzi 17 kwa mkupuo mmoja. Kwa wenyeji wa hapa, 17 ni maji mazuri kwa aliyezoea na 20 ni sikukuu. Kwa mgeni wetu, 17 humkata pumzi: kifua hubana, anavuta hewa bila kutaka, na sekunde hizo za mwanzo ndizo hatari kuliko zote, kwa sababu mkondo tayari umeshamchukua. Ushauri wa kulowesha mikono, uso na kifua kabla ya kuingia, na wa kutoingia peke yake, unatolewa na Chama cha Uokoaji wa Maisha cha Uswisi, SLRG, kwenye mabango yaliyowekwa kandokando ya mito na maziwa, na mabango hayo yana michoro isiyohitaji lugha. Ningependa kuona michoro hiyo ndani ya programu pia, jirani kabisa na ile namba kubwa.

Kuhusu makadirio ya saa mbili, inafaa kueleza kwa nini thamani yake si ileile kwa kila mji. Kati ya Thun na Bern kuna kilomita zipatazo 30 za mto, na boti ya mpira iliyoachwa ielee na mkondo huchukua takribani saa tatu kufika. Maana yake, maji yatakayopita Bern jioni yameshapita Thun mchana na yameshapimwa. Anayekadiria joto la Bern ana mto mzima mbele ya macho yake, kilichobaki ni kuongeza mchango wa jua na wa vijito vya njiani. Thun haina mji wa namna hiyo juu yake. Juu yake kuna ziwa, na maji yatakayotoka baada ya saa mbili yanaweza kuwa ya juu au ya chini kutegemea upepo wa mchana huo. Kwa hiyo namba ya sasa ya Bern unaweza kuiamini hadi jioni, lakini ya Thun ni ya sasa kwa maana halisi ya neno hilo.

MeteoSwiss ndiyo inayoziba sehemu ya pengo hilo, mradi mtumiaji ajue ni kitu gani cha kutazama. Wengi huifungua programu yake kuona picha ya jua au wingu na nyuzi za hewa, kisha huifunga. Nyuzi za hewa hazikusaidii sana hapa; mchana wa nyuzi 30 unaweza kuja na mto wa nyuzi 15 endapo dhoruba ilipita usiku. Kinachofaa ni ukurasa wa upepo, wenye mwelekeo na kasi kwa saa, na picha ya rada inayoonyesha mvua ikisogea. Upepo wa magharibi uliotabiriwa kwa saa nyingi mfululizo ni dalili ya mto kupoa hata kama tone la mvua halijatabiriwa. Tahadhari za ngurumo hutolewa kwa ngazi na kwa eneo, na katika kiangazi, wakati ambapo mawingu hujijenga juu ya milima tangu saa saba mchana na kufika bondeni saa kumi, tahadhari hizo hazipaswi kupuuzwa.

Tahadhari za upepo ziwani huonekana hata kwa asiye na simu, kwa kuwa pembezoni mwa Ziwa Thun zimewekwa taa za rangi ya chungwa. Zikiwaka na kuzimika mara 40 kwa dakika, ni onyo kwamba upepo mkali unatarajiwa. Zikiwaka mara 90 kwa dakika, ni onyo la dhoruba na kila chombo kinatakiwa kurudi ufukweni. Tofauti ya kasi hizo mbili jicho huitambua bila kuhesabu. Taa hizo zilikusudiwa wenye mashua, lakini mwogeleaji wa mtoni akiziona hufaidika mara mbili: anajua dhoruba inakuja, na anajua kwamba kesho huenda maji yakawa baridi.

Jambo moja ambalo utabiri wa mji hauwezi kulieleza vizuri ni mto Zulg. Huu ni mto mdogo unaoteremka kutoka bonde la Eriz, hupita Steffisburg, na huingia Aare upande wa kulia, chini kidogo ya Thun. Siku nyingi unaweza kuuvuka kwa kukanyaga mawe. Mvua kubwa ya ngurumo ikinyesha huko Eriz, hujaa kwa muda mfupi sana na kushusha maji ya kahawia yenye magogo na matawi, yakaingia katikati ya Aare ya kijani ambako watu wanaelea na boti zao chini ya jua. Aliyetazama picha ya wingu na jua ya Thun ataona siku safi. Aliyetazama rada, akaona doa jekundu juu ya milima ya mashariki, ataahirisha safari ya boti. Kwa hiyo kwa wale wanaotaka kushuka na boti hadi Bern, rada ina thamani kuliko kitu kingine chochote ndani ya programu hiyo, na inafaa kutazamwa kwa eneo lote la milima, siyo kwa jina la mji. Wakumbuke pia kwamba jaketi za kujiokolea ni lazima, kwamba kwenye maporomoko madogo ya Uttigen boti hupinduka, na kwamba desturi ya kufunga boti kadhaa pamoja ili watu wapige soga njiani imekatazwa na SLRG kwa sababu nzito: kundi la boti zilizofungwa halikwepi nguzo ya daraja.

Imebaki Alplakes, inayoendeshwa na Eawag, taasisi ya shirikisho ya utafiti wa maji. Hii haipimi mto hata kidogo. Hutumia mifano ya kompyuta kukadiria joto na mikondo ya maziwa ya eneo la milima ya Alps, Ziwa Thun likiwemo, kwa sasa na kwa siku kadhaa zijazo, na huonyesha matokeo kwa ramani ya rangi. Mara ya kwanza ukiifungua unaweza kuidhania ni chombo cha wanasayansi na kuifunga. Subira inalipa. Kwenye ramani ya ziwa, upepo wa magharibi unapovuma, unaona rangi ya joto ikihama kutoka ncha ya Thun na rangi ya baridi ikijitokeza ukingoni, mahali hasa mto unapotokea. Ukisogeza muda mbele saa kwa saa unaona pia lini rangi ya joto inarudi. Hilo ndilo swali ambalo huduma nyingine tatu haziligusi. Ni makadirio, na makadirio hukosea, hasa ziwa linapokuwa linayumba baada ya dhoruba, lakini hata yanapokosea kwa saa chache huwa yameshakueleza sababu. Kama ningelazimika kuacha huduma moja na kubaki na nyingine, ningeacha utabiri wa hewa kabla ya kuiacha ramani hii. Kasoro yake ni kwamba simu ya zamani huiona nzito, na mtu asiyejua jiografia ya ziwa hatajua atazame kona ipi.

Takwimu hizi zote zina watumiaji wengine ambao hawana habari na taulo. Aare ya Thun ni mojawapo ya maeneo muhimu nchini ya kuzalia samaki aitwaye Äsche, wa jamii ya samaki wa maji baridi, ambaye joto la nyuzi 25 humwua. Katika kiangazi cha 2003 samaki hao walikufa kwa wingi kwenye mto Rhine, chini ya Ziwa Konstanz. Kinu cha nyuklia cha Beznau, kilicho kwenye Aare hiyohiyo huko Aargau, hulazimika kupunguza au kusimamisha uzalishaji mto unapofikia nyuzi 25, na ilitokea tena Julai 2025. Mito ya Uswisi imekuwa ikipata joto kwa wastani wa thuluthi ya nyuzi moja kila muongo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndiyo sababu serikali inagharimia vituo hivyo, na sisi waogeleaji tunakula makombo ya kazi hiyo, ambayo bahati nzuri ni makombo manono.

Wakati wa baridi mambo huwa rahisi. Ziwa huwa limechanganyika, maji hubaki kwenye nyuzi 5 au 6 kwa wiki nyingi, na mstari wa mchoro hulala karibu sawa. Wapo wanaoingia hata hivyo, kwa dakika chache na wakiwa na kofia za sufu kichwani, na kwao namba moja kwa siku inatosha.

Kwa anayetaka kuja Thun kwa siku moja tu katika kiangazi akipitia Bern, safari ambayo treni huimaliza kwa takribani dakika 20, ningemshauri atazame mchoro wa kituo 2030 na upepo wa MeteoSwiss akiwa bado kwenye kituo cha treni cha Bern. Mstari ukiwa tambarare au unapanda, na upepo ukiwa hafifu, apande treni. Akiukuta unaporomoka, asipande: maji baridi yaliyotoka ziwani yatachukua saa kadhaa kufika Bern, na kwa muda huo maji ya joto ya asubuhi bado yanapita mbele ya bwawa la Marzili, ambako kiingilio ni bure.